Mgeni Asiyepewa Kazi

Neno karibu ni rahisi. Nimelisikia likiambiwa watu wa kila namna: mhubiri, muuza sumu ya panya, askari aliyekuja kukamata mtu. Ukiwa unakula na mtu akapita njiani, unasema karibu huku ukiomba moyoni asikate kona. Ndiyo maana kwenye ukoo wa mama yangu, watu wa milimani kusini mwa Kivu, kukaribishwa hakukuwa jambo la kusimulia. Jambo la kusimulia lilikuwa kupokelewa. Mtu aliporudi kutoka safari aliulizwa swali moja tu: walikupokea?

Kupokea kulikuwa na utaratibu wake ambao hakuna mtu aliyenifundisha kwa maneno. Niliujua kwa kutazama mikono ya watu wazima. Siku ya kwanza mgeni alipewa maji ya vuguvugu ya kuosha miguu, chakula kwenye sahani ya peke yake, na kitanda, hata kama wenye kitanda walilala chini. Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo, ila majirani walikuja kumsalimu na kuomba pamoja naye. Siku ya tatu asubuhi, bila hotuba yoyote, mama mwenye nyumba aliweka kazi mbele yake. Pengine ungo wa maharagwe, pengine mtoto wa kubeba mgongoni, mara nyingi jembe. Hakuomba radhi wala hakusema tafadhali. Kuanzia hapo ulikuwa mtu wa nyumba ile. Ungeweza kukaa mwaka mzima, ungeweza hata kufokewa.

Watu wa pwani wanao msemo wao, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huusema wakicheka, kama dawa ya kumwondoa mdowezi. Nilipousikia mara ya kwanza redioni nilidhani mtangazaji amekosea. Kwetu aliyepewa jembe ndiye aliyebaki. Aliyefukuzwa ni yule aliyefikisha siku ya nne akiwa bado analetewa chai.

Nayaeleza haya kwa sababu mimi na mama yangu tuliwahi kuletewa chai siku tisa.

Tulifika Nakivale, kambi ya wakimbizi ng'ambo ya mpaka, nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba hakuwa nasi, na habari zake si za hapa. Lori lilitushusha kwenye hangari kubwa ambako watu walilala mstari kwa mstari wakingoja kuandikwa, na mahali hapo paliitwa Mapokezi. Sijaona jina la uongo kama lile. Lakini mama hakujali harufu wala foleni ya uji, maana alikuwa na mtu. Kaka yake, mkubwa wake kwa miaka mitano, alikimbia kutoka kwetu vita vya tisini na sita vilipoanza, na tulijua anaishi Rubondo, upande mwingine wa kambi hiyo, ana nyumba, ana shamba, ni mzee wa kanisa. Njia nzima mama alikuwa akiniambia: tukifika kwa yaya tumepona. Yaya ndivyo tunavyomwita aliyetutangulia kuzaliwa. Mama alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja dawa.

Mjomba alikuja siku ya pili na baiskeli. Alimkumbatia mama, akalia, nasi tukalia. Akaomba ruhusa kwa wenye hangari tukae kwake mpaka siku ya kugawa viwanja, akapewa. Akafunga furushi letu nyuma ya baiskeli, akaisukuma kwa miguu njia yote hadi Rubondo ili atembee sambamba nasi. Kila aliyekutana naye alimwambia huyu ni dada yangu, Mungu amemfikisha. Nilimwona mtu mkubwa kuliko watu wote.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo, vyumba viwili na turubai juu, lakini imesakafiwa vizuri na uwanja umefagiliwa mpaka unang'aa. Wahubiri waliotoka mbali walilala pale. Mke wake alikuwa mwembamba, msafi, mwenye sauti ya chini. Alituchemshia maji, akainama kumwosha mama miguu kwa mikono yake mwenyewe, ingawa mama alikuwa akisema basi, wifi, basi. Kuku alichinjwa. Mimi nilipewa paja, kitu ambacho sikuwa nimewahi kupewa, na binti yao wa rika langu alinitazama nikilila. Siku ya pili majirani walijaa uwanjani, wakaimba, mjomba akaomba sala ndefu ambayo ndani yake alitaja jina la kila mtu wa ukoo aliyekufa na aliyebaki.

Siku ya tatu mama aliamka kabla ya jogoo. Alijifunga kitenge cha kazi, kile kilichofifia, akakikaza, akaketi karibu na mlango. Nilimwona akiikunja na kuikunjua mikono mapajani. Mke wa mjomba akatoka na jembe lake begani. Jembe la pili lilikuwa limeegemea ukuta, hatua mbili kutoka miguu ya mama. Mama akasimama, akasema twende wote.

"Hapana, wifi," mke wa mjomba alisema. "Weye ni mugeni. Pumuzika."

Alisema kwa upole sana. Mama akaketi tena. Akaniambia labda kwao Rubondo wanahesabu siku kwa namna nyingine, labda ile siku tuliyofika jioni hawakuihesabu.

Siku ya nne alichukua ungo wa maharagwe mwenyewe, akaanza kuchambua. Mke wa mjomba akaja, akaushika ungo kwa mikono miwili, akauvuta taratibu kama mtu anayemtoa mtoto mchanga kifuani kwa mama aliyesinzia. Siku ya tano mama alifagia uwanja. Kesho yake alikuta umefagiliwa tayari, gizani. Siku ya sita alibeba dumu kwenda kisimani. Hatujafika mbali tukasikia mbio nyuma yetu. Alikuwa yule binti, anahema. Akasema baba amemtuma, bageni habateke maji, akalichukua dumu kutoka kichwani kwa mama mbele ya wanawake wote waliokuwa wakishuka kisimani. Wanawake wakasema: eeh, mwenye kaka kama huyu amebarikiwa. Mama akacheka nao.

Sasa niseme jambo langu baya. Mimi nilifurahi. Tangu nijue kutembea nilikuwa sijawahi kukaa wiki nzima bila kubeba kuni, bila kuteka, bila kutwanga. Nilikula, nikalala mchana, nikaota nyama kidogo mashavuni. Usiku mmoja nilimwambia mama, mjomba anatupenda sana. Alivuta blanketi, akanifunika, akageukia ukutani. Nilidhani amechoka, nami sikujiuliza amechoshwa na nini.

Kilichokuwa kinangojewa na nyumba nzima, isipokuwa mimi mjinga, ni siku ya viwanja. Karani wa ofisi alipita akiandika. Aliyefika karibuni na mwenye ndugu katika eneo aliweza kukatiwa kiwanja papo hapo, kando ya ndugu yake, akaishi kati ya watu wake, karibu na shule na kisima. Lakini ardhi ya Rubondo ilikuwa imekwisha gawanywa. Aliyesema huyu ni wa kwangu, alikatiwa kipande cha shamba lake mwenyewe apewe huyo wa kwake. Asiye na wa kusema hivyo alipelekwa upande mpya, kule kukavu kuelekea Endiinzi, ambako watu walikuwa bado wanang'oa miiba. Mama hakutaka kitu kingine duniani wakati ule. Alitaka kipande kile, hata kiwe upana wa kitanda, na kaka yake ng'ambo ya ua.

Karani alikuja siku ya tisa saa nne asubuhi, amevaa buti za mvua ingawa hapakuwa na tone. Alikuwa mtu wa Mbarara, na Kiswahili chake kilikuwa cha kazi, kifupi. Mjomba alisimama mbele ya nyumba, mama nyuma yake kidogo, mimi nimeshika kitenge cha mama. Mahindi ya mjomba yalikuwa yamefika kiunoni, yanapendeza.

"Mzee, huyu mama ni mtu yako?" karani aliuliza. "Kama ni yako, tunakata hapa, anakaa na wewe. Kama hapana, iko lori kesho."

Mjomba alitazama mahindi. Sikudhania, niliona. Aliyatazama kwanza, ndipo akamtazama karani, na akasema kwa sauti ile ile ya ukarimu aliyoitumia siku zote tisa:

"Huyu ni mugeni wangu. Nilimupokea tu. Mumupatie fasi nzuri."

Karani akaandika. Haikuchukua muda zaidi ya huo. Nilimtazama mama nikitegemea aseme, yaya, mimi dada yako, tumenyonya ziwa moja. Angeweza kusema. Karani alikuwa bado amesimama pale, kalamu ikiwa mkononi. Mama alisema asante.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mjomba ilitimia neno kwa neno. Wageni tulikuja na mwenyeji akapona. Shamba lake lilipona, mahindi yake yalipona, na sifa yake kanisani ikaongezeka.

Alitusindikiza kama inavyotakiwa kumsindikiza mgeni. Alitupa kuku mzima aliyefungwa miguu, mche wa sabuni, na kitenge kipya cha mama, kizuri, chenye rangi ambazo hatungeweza kuzinunua. Mkewe alilia kabisa, machozi ya kweli. Binti yao alinipa kalamu yake. Njiani watu walituuliza, mulipokelewa? Mama akawa anajibu, sana, sana, huku amembeba yule kuku kwapani. Mjomba alisimama kando ya lori mpaka likaondoka, amevua kofia.

Upande tuliopelekwa sitauelezea sana, maana hasira huniharibia hesabu ya mambo. Maji yalikuwa mbali. Ng'ombe wa wafugaji wa Endiinzi walipita ndani ya mahindi yetu msimu wa kwanza na wa pili, na hatukuwa na mwanamume wa kwenda kugomba. Mama alipalilia mashamba ya watu kwa chakula cha siku, mgongo ukapinda kabla ya wakati. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa sababu ya ujinga bali kwa sababu ya umbali na njaa, nikajifunza cherehani kwa mama mmoja Mrundi aliyeshona sare. Mara chache tulimwona mjomba kwenye makusanyiko ya makanisa, na kila tulipomwona alifurahi mno, akatununulia andazi.

Na mama kila alipopewa nafasi ya kushuhudia kanisani, alisimulia. Alisimama, akaweka mkono kifuani, akasema: yaya wangu alinipokea siku tisa, hata sufuria sikuigusa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nikitazama chini. Kadiri nilivyokua nilielewa siku zile zilikuwa nini, na kadiri nilivyoelewa ndivyo ushuhuda ule ulivyonikaba. Nilimwona mama yangu mtu mwepesi, mtu wa kuchekea kofi. Nilimpenda, lakini heshima ilipungua, na hilo nalo ni lazima niliseme.

Nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu nilikuwa mjini Mbarara, napanga mtaa wa Ruharo. Kilikuwa chumba kimoja, kile wenyeji wanachokiita muzigo, mlango mmoja na dirisha moja, pazia katikati, kitanda upande huu na cherehani upande ule. Nilishonea wanawake wa mtaani na wakati mwingine wauguzi. Mama alikuja mara moja kwa miezi miwili. Akiingia hakusalimu hata vizuri, alikwenda moja kwa moja kwenye jiko la makaa, akafunua sufuria, akasema chumvi imezidi. Nilikuwa nikinung'unika, na nilikuwa nikipenda.

Ndipo mjomba akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa imezeeka. Alisema macho yamefungwa na ukungu, wamemwambia ni mtoto wa jicho, na atafanyiwa upasuaji kwenye hospitali ya misheni hapo Ruharo, lakini baada ya kufanyiwa ni lazima akae karibu majuma mawili ili wamwangalie tena, vumbi la barabara ya kambini lisimharibie. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, binti yake ameolewa Kampala. Akauliza kama anaweza kupata fasi kwangu.

Nilisema, karibu sana, mjomba. Haikuwa huruma. Sikuwa nimepanga chochote, lakini mikono yangu ilijua la kufanya. Nilifua shuka, nikaazima godoro la pili kwa jirani ili mimi nilale chini, nikanunua mayai, nikanunua chupa mpya ya chai.

Siku ya kwanza nilimwosha miguu. Siku ya pili nikawaita majirani Wakongo watatu wa mtaa ule, tukaomba. Alifanyiwa jicho moja, akarudi na kiraka, nami nikawa namtilia dawa ya matone kwa saa zake bila kukosa hata mara moja. Kwa macho ya mtu yeyote nilikuwa mpwa ambaye kila mzee angeomba Mungu ampe.

Siku ya tatu baada ya kutoka hospitali, aliamka mapema. Nilimsikia nikiwa nimelala chini, upande wa pili wa pazia. Alivaa, akakunja mikono ya shati, akaketi kwenye ukingo wa kitanda akielekea mlango. Nikaamka, nikachemsha chai, nikamletea na mayai mawili.

Akaniambia nimpe kisu amenye ndizi. Nikasema hapana, mjomba, pumzika. Kesho yake alitaka kuokota vipande vya vitambaa sakafuni; nilikuwa nimeshafagia. Alitaka kwenda na dumu bombani; madumu yalikuwa yamejaa. Siku nyingine nilitoka kidogo, nikarudi nikamkuta ameshika gauni la mteja, analileta karibu na lile jicho lake jipya lililokwisha kutolewa kiraka, anafumua nyuzi za kupigia bandi, zile za muda, taratibu, bila kuharibu kitu. Nikalishika gauni kwa mikono miwili, nikalivuta kwake polepole.

"Hapana, mujomba," nilisema. "Weye ni mugeni."

Aliinua uso. Jicho lilikuwa limeanza kuona vizuri, na lilinitazama muda mrefu. Akajua. Baada ya hapo hakuomba tena kazi. Alikuwa akiamka, anakunja shuka zake, anakunja koti lake, anaziweka juu ya begi lake dogo kama mtu aliye kituoni, na jioni anazikunjua tena. Alikula kidogo. Alisema asante kwa kila kitu, kwa kikombe, kwa kijiko.

Nilifurahi. Sitasema uongo kwenye karatasi yangu mwenyewe. Nilikaa kwenye cherehani nikakanyaga pedali huku nikiisikia asante yake nyuma yangu, na kila asante niliipeleka kule kukavu, kwa msichana wa miaka kumi na miwili ambaye angesoma mpaka darasa la sita tu. Ilikuwa tamu, na sikuona haya.

Siku ya kumi mama alikuja kumwona kaka yake. Alikuwa na fungu la sombe, majani ya muhogo, limefungwa kwa kamba ya mgomba. Aliingia kwa kasi yake ya siku zote, akamshika mjomba mabega, wakasalimiana, kisha akaelekea jikoni kwenye kona yake huku akizungumza. Akamuuliza, yaya, siku zote hizi unafanya nini mjini?

"Minapumuzika, dada," mjomba alisema. "Mutoto ananipokea vizuri. Hata sufuria sijaigusa."

Mama alikuwa ameshika mfuniko. Hakuuweka chini. Aliugeukia uso wa kaka yake, akaangalia shuka zilizokunjwa, koti juu ya begi, sakafu isiyo na uchafu hata wa uzi. Halafu akaniangalia mimi. Akaniashiria tutoke.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kamba ya kuanikia nguo, na nguo za wapangaji wote zilikuwa zikining'inia pale. Tulisimama katikati yake.

"Siku ngapi?" aliuliza.

Nikasema kumi. Akauliza ni nani aliyenifundisha. Nikasema, ni yeye, mama, ni yeye mwenyewe, nawe ulikuwepo, ukasema asante. Yote niliyoyaweka miaka kumi na moja yalitoka pale, mahindi, dumu, lori, mgongo wake, shule yangu, na ule ushuhuda wake wa kanisani uliokuwa ukinitia aibu. Nilisema kwa sauti ya chini kwa sababu ya majirani, na nadhani hivyo ndivyo yalivyouma zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unafikiri sikujua?" alisema. "Nilijua siku ya tatu, mbele ya chai kuchemka. Nikasema tumepokelewa vizuri, juu weye upate kuwa na mujomba."

Nikasema tu kwamba mimi nimemrudishia alichotupa, sikuongeza kitu.

"Yeye aliogopa njala," mama alisema. "Alikuwa na batoto na shamba moja. Weye uko na chumba, uko na mashine, unakula kila siku. Weye unaogopa nini?"

Akaniacha hapo. Niliporudi ndani nilimkuta amekwisha kulifungua lile fungu la sombe juu ya mapaja ya kaka yake. Hakumwuliza, hakumwomba. Majani yalikuwa yamemfunika magoti. Alikuwa akimwambia asiache vikonyo vigumu kama alivyokuwa akiacha utotoni, na kwamba mama yao alikuwa akimchapa kwa ajili hiyo. Mjomba alikuwa anachambua. Lile jicho jipya lilikuwa limelowa, na dawa yangu ya matone haikuwa imefika saa yake. Wawili wale walikuwa wamefanya nyumba yao ndani ya chumba changu, nami nilisimama mlangoni nikiwa sijui niketi wapi.

Walipomwangalia mara ya mwisho hospitalini na kumruhusu, mjomba hakurudi Rubondo. Mama alimchukua kwake, kule kukavu. Wananiambia anapalilia kidogo asubuhi, na jioni wanagombana kuhusu chumvi.

Mama bado anakuja Ruharo. Nilidhani ataacha kuja, na pengine ingekuwa afadhali. Anapiga hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Anangoja niseme karibu. Anaketi karibu na mlango na mkoba wake mapajani, anauliza habari za kazi, anasifu pazia. Akishikwa na kiu ananiomba maji, naye anajua mtungi ulipo. Chakula changu sasa hakina kasoro yoyote, chumvi haizidi kamwe.

Mwaka jana alikaa kwangu siku tano kwa ajili ya mgongo. Siku ya tatu niliamka kabla yake, nikatoa karanga, nikazimimina kwenye ungo, na alipoketi nikauweka mapajani mwake bila kusema neno, kama inavyofanywa. Aliutazama ule ungo. Akachukua karanga moja, akaigeuza kati ya vidole, akairudisha.

"Leo nimechoka, mama," aliniambia, kwa upole sana. "Acha mugeni apumuzike."

Nikauondoa mapajani mwake. Nikaketi sakafuni, nikazimenya zote mwenyewe, naye akawa ananitazama, na nilipomletea chai alisema asante.